Ukifunga, Okota Mpira

Kila mechi ikiisha siku hizi lazima atokee mtu aniulize: eti ni kweli yule Mwalimu wenu alikuwa anakataza watu kushangilia goli? Nasema kweli. Anauliza tena: sasa mlikuwa mnacheza mpira au mnaswali? Zamani mtu wa namna hiyo nilikuwa namkunja shati palepale. Siku hizi nakaa chini, nafungua kamba za viatu, namwacha aseme. Nimechoka. Ndiyo maana naandika. Shule niliishia njiani, kusoma nimejifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari, kwa hiyo msinitafutie makosa ya nukta. Anayetaka kumcheka Mwalimu asome kwanza mpaka mwisho. Akimaliza na bado anataka kucheka, ananijua ninapokaa.

Tulimwita Mwalimu kwa sababu alitufundisha mpira, darasa hakuwa nalo. Kazi yake ilikuwa ukarani hapa Mtwara mjini, na kwao ni bara, kule kwenye baridi. Alizaliwa lini na baba yake nani, sijui, na sijawahi kuona inahusu nini. Sisi tulimjua kwa miguu. Miguu mirefu, myembamba, soksi zimevutwa mpaka magotini, kaptula imepigwa pasi hadi mkunjo wake ungekatia muhogo. Jioni akitoka ofisini anakuja uwanjani kabla yetu sote. Ukifika unamkuta ameinama, anaokota miiba, vigae, mavi ya mbuzi. Siku ya mechi alianzia golini kwa wageni. Nikamuuliza siku moja, Mwalimu, kwa nini unawasafishia wale kwanza, wanatusafishia sisi nini?

"Atakayeangukia hapa simjui," alisema. "Mwiba pia haumjui."

Sheria yake ilikuwa moja, na alitufundisha kabla ya kutufundisha hata kupiga mpira wa kichwa. Nyavu hatukuwa nazo. Mpira ukipita kati ya miti miwili unakwenda zake kwenye shamba la mihogo nyuma ya goli. Basi, ukifunga, wewe mwenyewe uliyefunga unaufuata mpira mihogoni, unauokota, unamletea kipa, unampa mkononi. Halafu unageuka, unarudi katikati. Hakuna kuruka, hakuna kukumbatiana, hakuna kumwonyesha mtu kidole.

"Kila goli lina mtu lililomuumiza," alikuwa anasema. "Mwangalie huyo kwanza. Wewe uliyefunga utajiona baadaye, muda upo."

Mimi nilikuwa beki. Katika maisha yangu yote pale nilifunga goli moja, shuti la mbali, hata mwenyewe sikuamini. Nilitaka kupaa. Nikageuza shingo nikamwona Mwalimu amesimama mikono nyuma, ananitazama. Nikaingia mihogoni kuufuata mpira. Huko ndani nilishangilia peke yangu, nimekumbatia shina la muhogo, kisha nikatoka na uso wa mtu anayetoka msalani. Nikampa kipa mpira. Yule kipa akaniambia asante. Sijui kwa nini nilikasirika, lakini nilikasirika.

Msidhani alikuwa malaika. Mtu huyohuyo, mweke mbele ya drafti, vizibo vya soda vimepangwa, uone. Akila kete yako anaigonga ubaoni, paa, halafu anaimba. Akikufunga anawaita majirani. "Njooni mmwone huyu, amevaa shati zuri, lakini ndani hamna mtu." Nikamwambia Mwalimu, wewe ni mnafiki, uwanjani unatufunga mdomo, hapa unapiga kelele kama mnada. Hakukasirika. Alisema hapa uso wako ninao mbele yangu, mezani tupo wawili, na wewe unaweza kunijibu. Kule uwanjani mtu amefungwa mbele ya mama yake na mchumba wake, atajibu nini? Sikushawishika. Nilikuwa sishawishiki upesi wakati ule.

Kuna siku refa alitupa penalti. Beki wao hakumgusa mtu wetu, mtu wetu alijikwaa. Mwalimu akaingia uwanjani akamwambia refa, hakuguswa, mimi nimeona. Refa akamwambia kaa nje, nani amekuuliza. Tukapiga, tukakosa, tukafungwa. Watu wa mtaani kwetu wenyewe wakamzonga, wanamwita msaliti. Nilipigana na watu siku ile, wengine ni shemeji zangu mpaka leo hawanisalimu vizuri. Yeye alisimama katikati ya fujo anaomba radhi kwa kila aliyekanyagwa. Ndivyo alivyokuwa. Neno samahani lilimtoka kama mwingine anavyokohoa.

Mkewe alikuwa mtu mwingine kabisa. Naye wa bara, mfupi, mnene, mcheshi. Alizifua jezi zetu na kuzishona, tukamwita Mama. Yeye alikuwa hajamaliza mwezi hapa, wauza mpunga wa sokoni, wanawake wa kutoka Kitaya, wameshamfundisha mji. Akifika tu wanamwita mwenye mashavu ya kitumbua, naye anawaambia mpunga wenu umejaa mawe kama roho zenu. Wanacheka mpaka wanashika mbavu, wanamwongezea kibaba. Alisema kwao hakuna soko lenye raha hivyo. Mumewe akimsikia anatukanana, anafunika uso kwa mkono.

Sasa lazima niseme habari ya utani, maana bila hiyo yaliyotokea Kitaya hutayaelewa. Timu yetu wengi tulikuwa Wayao, watu wa kijiji cha Ziwani na vijiji vingine vya huku. Vijana wa Kitaya, kule kwenye mto Ruvuma, ni Wamakonde. Mimi na Mmakonde ni watani. Ananitukana, namtukana, ananivua kofia anaondoka nayo, na nikifiwa yeye ndiye anayekuja kunichekesha nikiwa siwezi hata kusimama. Mwingine atakupa pole na kukaa mkekani. Na mgeni akikaa na sisi, akacheza na sisi, watani wetu ni watani wake vilevile, asipowakataa. Kuwakataa ni rahisi. Unamwomba mtani radhi, basi, umemaliza. Umemwambia wewe si mtu wangu, tumekutana njiani tu. Mtoto wa huku analijua hilo kabla hajaota meno. Mwalimu hakulijua, na sisi hatukumwambia, maana nani anamwambia mtu mzima kwamba maji yanalowesha?

Kila mwaka mpunga ukishavunwa tulikuwa tunapanda lori kwenda Kitaya kucheza. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita, mara nyingine milio inafika, lakini mechi ile haikukosa watu. Mwaka huo ulikuwa wa kwanza kwenda na Mwalimu. Kipa wao alikuwa Chilumba, mtu wa mwili na mdomo, ambaye Mwalimu aliposhuka tu kwenye lori alimwita Miguu ya Korongo. Mwalimu akatabasamu, akadhani ni mapokezi. Na kweli yalikuwa mapokezi.

Aliyefunga alikuwa Bakari, sentafowadi wetu. Bakari aliufuata mpira, hilo alilitii. Lakini alipofika kwa Chilumba hakumpa mkononi. Aliuweka chini, akamvua Chilumba kofia, akaivaa yeye, akaanza kumchezea sindimba mbele ya uso, ngoma ya kwao Chilumba mwenyewe, tena anaicheza vibaya makusudi, kiuno kigumu kama mchi.

"Mla panya," akamwambia, "umeshiba mno, hata kuinama huwezi."

"Nyie Wayao mlimuuza babu yangu pwani kwa shanga," Chilumba akamjibu, "leo mnataka na kofia."

"Tulimuuza, mnunuzi akamrudisha. Anakula sana."

Uwanja mzima ulikuwa chini kwa kicheko. Akina mama wa Kitaya walipiga vigelegele kwa goli tulilowafunga wao. Hapo ndipo nilipoona kaptula nyeupe inavuka mstari.

Mwalimu alimtoa Bakari nje kwa kidole. Akaichukua ile kofia, akaipangusa vumbi, akamrudishia Chilumba kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

"Ndugu yangu," alisema, "naomba radhi kwa niaba ya timu nzima. Kijana wetu amekudhalilisha mbele ya watu wako. Haitatokea tena."

Kicheko kilikatika. Chilumba aliishika ile kofia kama mtu aliyepewa nguo ya marehemu.

"Mimi na wewe tumegombana lini?" aliuliza polepole.

"Hatujagombana. Ndiyo maana nakuomba radhi mapema."

"Haya," Chilumba akasema. "Nimesikia, mzee."

Nilisikia lile neno mzee, nikajua tumekwisha.

Miaka mingine, mechi ikiisha, wanatuficha chakula. Sisi tunavamia majikoni, tunakimbia na sufuria, wanawake wanatufukuza na miko, mpaka tunakaa kula tumechoka kwa kucheka. Siku ile walitandika mikeka. Wakaleta maji ya kunawa, kijana anamiminia kila mtu kwa zamu. Wali, samaki wa mtoni, kila kitu. Karibuni wageni. Samahani, chakula chenyewe si kizuri. Hakuna hata mmoja aliyetutukana. Tulikula kimya kama watu waliokwenda kudai mahari. Bakari hakula.

Kwenye lori Mwalimu alikaa mbele na dereva, na njia nzima alikuwa na furaha. Tulipofika akatuambia: "Mmeona wenyewe. Ukiwapa watu heshima, nao wanakupa."

Wenzangu walishuka wakaondoka. Mimi siwezi kunyamaza, sikujaliwa. Nikamwambia: "Mwalimu, wale hawajatuheshimu. Wametufukuza." Nikamweleza utani wote, nimesimama naye pale kwenye vumbi la lori. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Kwa nini hamkuniambia kabla?"

"Ungetuuliza."

"Na timu ambayo si watani zetu, Bakari akiwachezea hivyo?"

"Hapo ningempiga mimi mwenyewe kabla hujafika wewe."

"Kwa hiyo sheria yangu si mbaya."

"Si mbaya, Mwalimu. Imefika mahali si pake."

Alikwenda nyumbani bila kuaga. Yeye, ambaye alikuwa anaaga hata mbuzi.

Nataka mwelewe kitu kimoja. Mtu yule alikuwa ameamua kuwa wa hapa. Uhamisho wa kurudi kwao bara ulishakuja, akaomba abaki. Alikuwa hana ndugu huku hata mmoja, alikuwa na Mama na sisi. Sasa maneno ya Kitaya yalienea, sokoni, gatini, misikitini, kwamba yule karani amekataa watu. Zamu ya Kitaya kuja kwetu ilipofika, hawakuja. Walituma salamu nzuri, na ningefurahi zaidi kama wangetuma jiwe.

Basi akaenda mwenyewe kurekebisha. Hakumwambia mtu. Alikwenda Kitaya, akamtafuta Chilumba, akamwomba radhi kwa kumwomba radhi. Nilipomwona anashuka kwenye gari la mpunga ameshika kuku, miguu imefungwa kamba, nilijua bila kuuliza.

"Wamenipokea vizuri sana," alisema kwa unyonge. "Wamenipa kiti. Wamenipa na huyu."

"Mwalimu, ukienda tena usirudi na kuku. Rudi umeraruliwa shati."

Nikaamua kumfundisha. Tulikaa barazani kwake, Mama anamenya mihogo pembeni. Nikamwambia ni rahisi, ukimwona Chilumba usimsalimie, mwambie tu, mla panya.

"Chilumba, mla panya. Samahani."

"Usiseme samahani."

"Sikuisema mimi, imejisema."

"Rudia."

"Lakini panya wa porini ni nyama nzuri tu. Mimi mwenyewe niliionja kwao. Nitamsemaje mtu kwa kitu nilichokula?"

Mama aliweka kisu chini akacheka mpaka machozi. "Mwache, mwanangu," aliniambia. "Huyu hata akitaka kumuua mbu anaanza na hodi."

Yeye naye alicheka. Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa anarudia kwa midomo bila sauti, mla panya, mla panya, kama mtu anayekariri sala ya dini isiyo yake. Haikumkaa. Utani haukaririwi.

Wakubwa wa timu wakakutana. Walisema timu imefungiwa njia ya Kitaya kwa sababu ya mtu mmoja, na vijana wanataka kucheza mpira wa raha, goli likiingia watu wafurahi. Wakaitoa timu kwa mtu mwingine. Nilirusha maneno mle ndani mpaka wakanitoa kwa mabega, nami nikaivua jezi palepale nikawaachia. Mwalimu alikwenda kesho yake kuwashukuru kwa muda waliompa. Nilimkasirikia wiki nzima. Jioni bado alikuwa anapita uwanjani akitoka kazini, anainama, anaokota mwiba, anautia mfukoni, anaondoka kabla timu haijafika.

Wale vijana wa timu mpya walikuwa wakifunga wanalala chini, wanapanda mabegani, wanawatolea wageni ulimi, na hao wageni wengine hata si watani zetu, ni watu wa mbali waliokuja kwa heshima zao. Nilikuwa natazama naona uchovu tu. Niseme ukweli, mpaka leo sijui jibu la wale wanaoniuliza. Mtu akifunga afurahi au asifurahi? Bakari alikuwa sawa. Mwalimu alikuwa sawa. Hawa waliokuja baadaye ndio sijui niwaweke wapi, wanamchezea mtu ambaye hata hawajamtazama usoni.

Miaka ikaenda hivyo. Watu walimwamkia, alialikwa harusini, akafika, akapewa kiti cha mbele na soda. Hakuna aliyemtania. Sijui kama mtu wa mahali pengine anaweza kuelewa uzito wa jambo hilo.

Halafu Mama akafa. Homa ilimshika, ikampanda kichwani, ikamchukua. Mwalimu alisema azikwe hapahapa. Nilikaa naye tangu asubuhi. Alikuwa amevaa soksi zake, amenyooka, anapokea watu mlangoni. Kila anayeingia anamwambia asante kwa kuja, samahani kwa usumbufu. Anaomba radhi kwa msiba wake mwenyewe. Wenzake wa ofisini walikaa upande mmoja, majirani wa mtaani upande mwingine, wote wanaongea chini chini. Kila kitu kilikwenda kwa adabu mpaka nikatamani kupiga ukuta.

Tulibeba jeneza kwenda makaburini kwa miguu, katekista mbele, mimi nyuma ya Mwalimu. Karibu na kufika, lori la mpunga likasimama kando ya njia. Wakashuka wanawake wa Kitaya, wale wauzaji wa sokoni, na baada yao akashuka Chilumba. Amenenepa, mpira alishaacha. Hakutoa pole kwa mtu. Alikuja moja kwa moja, akalala chini, chali, katikati ya njia, mbele ya jeneza.

"Hapiti mtu."

"Ndugu, tafadhali," katekista akasema.

"Wewe sina habari na wewe. Nasema na Miguu ya Korongo." Aliyasema hayo anatazama mbinguni, mikono kifuani. "Huyu mama alikuwa mtu wetu. Alikuwa anatutukana vizuri pale sokoni, mpaka tunapunguza bei. Nataka kujua ameuawa na nini."

"Homa," mtu mmoja akajibu.

"Homa wapi. Ameuawa na adabu. Mtu unaishi na mume, ukimpa maji anasema asante, akigeuka kitandani anaomba radhi. Hata mimi ningekufa."

Watu wa ofisini wakaguna. Mmoja akasogea amnyanyue. Mimi nimezaliwa ndani ya utani, nilijua kabisa kinachofanyika pale, nilijua yule mtu ametoka Kitaya kuja kumfungulia Mwalimu mlango na hataufungua mara mbili. Lakini nilipouona uso wa Mwalimu, jinsi ulivyolegea, mkono wangu ulijikunja ngumi wenyewe. Nikawaza, akisema samahani sasa hivi, basi. Atabaki mgeni hapa mpaka na yeye azikwe.

Mdomo ukamfunguka. Niliiona kabisa ile samahani imefika kwenye meno.

Akaimeza. Akamtazama yule mtu mnene aliyelala mavumbini, kuanzia miguu mpaka kichwa.

"Inuka, Chilumba," alisema. "Hata golini hukuwahi kuzuia kitu."

Wanawake wa mpunga ndio waliopasuka kwanza. Halafu majirani, halafu waliobeba jeneza, likayumba tukalishika. Watu wa ofisini walitutazama kama tumerukwa na akili. Mwalimu mwenyewe alikuwa anacheka na machozi yanateremka kwenye miwani, hayafuti. Chilumba alilala pale tumbo linamtikisika, na mimi niliyekuwa karibu niliona kwamba haikuwa kicheko tena. Alijiinua kwa shida, mgongo mweupe kwa vumbi, akaligeukia jeneza.

"Shemeji, umemsikia mumeo?"

Akamsogeza mtu wa mbele kwa bega, akaingia mahali pake, akabeba. Mkono wangu ulikuwa bado umekunjwa ngumi na sina wa kumpiga. Nikaupeleka chini ya jeneza, upande wa pili, tukaenda.